Tupimwe tumbo, lakini majibu yabakie yetu

Hapa Kasenga, kijana akirudi kutoka ku machimbo na tumbo limeanza kutokea, jirani wanamupongeza. Wanasema ameiva, feza imemujua, bibi yake anajua kupika. Mwenye amerudi mwembamba njo anaulizwa kama iko mugonjwa. Sisi wa sendika tunaomba mazungumuzo hayo yabadilike. Tumbo lenye kutokea ku mutu muzima ni habari ya mwili wake, na habari hiyo inaweza kusomwa mu kila nyumba na kipande cha kamba, mbele ugonjwa wa sukari haujaingia. Tunaomba pia tumbo lipimwe mu vizite ya munganga ku kazi, kila mwaka, na majibu yabakie ya mufanyakazi mwenyewe.

Tunajua wenzetu watatujibu nini. Mashimo yanaangukia watu, vumbi inakula mapafu, kolera haitoke Uvira, na nyinyi munakuja na maneno ya santimetre? Ndiyo, tunakuja nayo. Shimo likianguka, kila mutu anasikia kilio. Kolera ikiingia mu avenue, watu wanakimbizana na maji ya chumvi na sukari. Lakini ugonjwa wa sukari hauna kilio. Unakaa miaka ndani ya mutu mwenye kutumika, kula na kucheka. Shirikisho la Kimataifa la Ugonjwa wa Sukari, IDF, lilihesabu mwaka 2021 watu wazima milioni 24 wenye ugonjwa huo mu Afrika yetu hii ya kusini ya Sahara. Mu kila watu 100 kati yao, 54 hawakujua kama wako nao. Hakuna upande mwengine wa dunia wenye ulikuwa na sehemu kubwa vile ya watu wenye hawajue.

Na mutu wa machimbo anapashwa kuogopa sukari kuliko mutu wa biro. Sukari yenye kukaa mu damu murefu inaharibu mishipa yenye kupeleka maumivu. Mutu anakanyaga jiwe, linamukata kidole, hasikie kitu. Anaendelea kusimama mu maji machafu muchana muzima. Kidonda hakifunge, kinaoza, na mwisho munganga anasema mukono hauna la kufanya tena, tukate muguu. Sukari inaharibu pia macho, na mutu mwenye haone vizuri chini ya shimo anajihatarisha na anahatarisha wenzake. Inaharibu figo. Mutu mwenye aliingia mu kazi na nguvu zake zote anatoka akiwa muzigo ku watoto wake, na hakuna mutu mwenye atasema kama ni kazi ilimuumiza.

Sasa tumbo linaingia wapi? Tutaeleza pole pole, juu hapa njo watu wengi wanapotea.

Tukikula bugali, mwili unaigeuza sukari, na sukari inaingia mu damu. Kiungo kimoja nyuma ya tumbo, pankreasi, kinatoa kitu kinaitwa insulini. Kazi ya insulini ni kuambia misuli na ini: fungueni, pokeeni sukari hii. Fikirieni depo. Kamiyo zinafika na mifuko. Ku mulango kuko mutu mwenye kuita wabebaji wafungue na wapakue. Siku wabebaji wanaanza kuwa na masikio magumu, anaita mara mbili, mara tatu, anatafuta wengine wa kumusaidia kuita. Mifuko inaingia tu, na mwenye kupita inje anaona depo inatembea muzuri. Lakini koo ya mwenye kuita inachoka. Siku sauti inakatika, mifuko inajaa ku barabara.

Siku ile mifuko inajaa ku barabara njo siku munganga anakuambia: uko na diabete. Lakini wabebaji walianza kuwa na masikio magumu zamani, pengine miaka kumi mbele. Wakati wote ule, mutu akipimwa sukari ya mu damu, inaonekana ya kawaida, juu pankreasi inafanya kazi mara mbili ao mara tatu ili isipande. Waganga wanaita hali hiyo rezistansi ya insulini. Siye tutasema tu: mwili hausikie insulini.

Kinacholetea mwili masikio magumu ni mambo mengi, hata damu ya familia iko ndani. Lakini kubwa ni mafuta ya ndani ya tumbo. Mafuta ya mutu yako ya namna mbili. Kuko yenye inakaa chini ya ngozi, yenye unaweza kukamata na vidole ku mapaja na ku matako. Hiyo haina matata mengi. Kuko ingine yenye inajificha ndani, inazunguka matumbo na kuingia hata mu ini. Mafuta hiyo ya ndani inajimwanga mu damu yenye kwenda moja kwa moja ku ini. Ini likijaa mafuta, linaacha kusikia insulini, na linaendelea kutengeneza sukari hata kama damu iko nayo ya kutosha.

Njo maana kilo peke yake hazitoshe. Mubeba mifuko na muuzaji wa dhahabu wanaweza kupanda ku kilo siku moja na bote bawili wakapata 80. Wa kwanza, kilo zake ziko mu mabega na mu miguu. Wa pili, ziko mbele, juu ya mukaba. Kilo inasema ni sawa. Santimetre inasema hapana.

Kupima rezistansi yenyewe si kazi ya kila kituo cha afya. Inaomba damu ya asubui, mutu hajakula, kisha kupima sukari na insulini yote mbili na kuzifanyia hesabu. Hesabu yenye kujulikana zaidi, HOMA, ilitolewa Oxford, Uingereza, mwaka 1985. Sukari, mashine ndogo inaipima. Insulini inaomba laboratware yenye vifaa, na wengi wetu hatuna hata feza ya kupita mulango wake. Kwa hiyo waganga wa inchi mingi walijiuliza: je, hatuwezi kutumia santimetre ya tumbo kuwa mulinzi wa kwanza, mwenye anatuambia nani aende kupimwa damu?

Korea ya Kusini ni mufano muzuri. Wakorea waliona kama watu wao wanapata ugonjwa wa sukari na miili yenye Muzungu angeita myembamba. Kwa hiyo walikataa kukopa vipimo vya Wazungu. Walipima watu wao, wakalinganisha tumbo na sukari, tansio na mafuta ya mu damu, na watafiti wengine wakalinganisha tumbo na HOMA. Wakaweka mupaka: mwanaume akifika santimetre 90, mwanamuke akifika 85, aangaliwe. Japani, jirani yao, iliweka 85 kwa mwanaume na 90 kwa mwanamuke. Kwa watu wa Ulaya, IDF iliandika 94 na 80. Marekani walitumia 102 na 88. Muone vile namba zinatofautiana. Kila watu na mwili wao, na kila watu wanapashwa kupimwa wao wenyewe.

Na siye? IDF ilipoandika namba zake, iliambia Afrika kusini ya Sahara itumie za Ulaya, mpaka zake zipatikane. Tulipewa nguo ya mutu mwengine tuivae. Sasa kazi imeanza kufanywa. Mwaka 2018 kulitoka utafiti wenye ulikusanya watu 24,181 kutoka utafiti 17 mu inchi 8 za Afrika. Mupaka wenye ulipatikana ni karibu santimetre 81, kwa mwanaume na kwa mwanamuke. Mbele ya hapo, mwaka 2011, watafiti wa Afrika ya Kusini walipima watu weusi wa kijiji kimoja cha kwao, wakapata 86 kwa wanaume na 92 kwa wanawake. Namba hizo mbili hazipatane, lakini juu ya wanaume zinasema neno moja: 94 ya Ulaya iko mbali sana. Mwanaume wa hapa mwenye tumbo la santimetre 90, karatasi ya Ulaya inamuambia lala salama. Karatasi ya Afrika inamuambia ulishapita mupaka zamani, nenda ukapimwe damu.

Hapa njo tunaona neno la haki ndani yake. Kama kituo cha afya ku kazi kinatumia namba ya kukopa, wanaume wetu wanarudishwa nyumbani na maneno "hakuna kitu", na kitu kiko.

Kivu yetu nayo haikulala. Mwaka 2014 watafiti wa Bukavu pamoja na wenzao wa Gent, Ubelgiji, walitoa kazi juu ya kutafuta ugonjwa wa sukari mu kucha za mutu. Sukari inajikamata ku kucha sawa vile inajikamata ku damu, na kucha haiombe frigo ili kusafiri mupaka ku laboratware. Mutu mwenye anajua barabara zetu anaelewa kwa nini wazo vile lilizaliwa huku. Santimetre ya tumbo ni ya jamaa moja na kucha hiyo: kipimo chenye hakiombe kurent, hakiombe frigo, na hakiombe kutoboa mutu.

Wakati tunangojea namba yetu wenyewe, kuko njia yenye haiombe hata kujua kusoma. Kamata kamba. Simama wima bila viatu, mwenzako apime urefu wako tangu kisigino mpaka juu ya kichwa, akate. Kunja kamba hiyo mara mbili, mu nusu. Sasa izungushe ku tumbo. Kama ncha zake zinakutana, ni vizuri. Kama hazikutane, tumbo limepita nusu ya urefu wako, na munganga anapashwa kukuangalia. Hii haikutoka mu kichwa chetu: tangu mwaka 2022 shirika la Uingereza lenye kuongoza waganga wa kule, NICE, linashauri watu wazima tumbo lisifike nusu ya urefu. Mutu wa metre 1 na santimetre 70, nusu yake ni 85. Mama wa metre 1 na 60, nusu yake ni 80. Mukiangalia, haiko mbali na zile namba za Afrika.

Kwa mwenye iko na metre ya fundi wa nguo, apime hivi. Ondoa mukaba, ondoa shati ao ulipandishe. Tafuta ku ubavu wako mufupa wa mwisho wa chini wa mbavu, kisha tafuta mufupa wa nyonga juu. Katikati ya hiyo miwili njo metre inapita. Isimame sawa mbele na nyuma, isikaze, isilegee. Pumua inje kawaida, usivute tumbo ndani kama mwenye kupiga picha, kisha soma. Wengi wanapima mahali wanafungia suruali, chini ya tumbo, na wanajidanganya.

Tuseme pia kamba haiwezi nini. Haiseme kama uko na diabete. Inasema tu: nenda ukapimwe sukari, asubui, bila kula. Ikipatikana miligrama 126 mu desilitri ao zaidi, na wakirudilia siku ingine wakapata vile, hapo njo ugonjwa. Kamba haipimwe ku mama mwenye mimba. Haipimwe ku mutu mwenye tumbo lilijaa maji juu ya ini ao bilharzia, ugonjwa wenye tunajua siye watu wa ziwa. Huyo anaenda ku hopitali kwa sababu ingine. Na kamba haione watu wote. Kuko watoto na vijana wembamba wenye kupata ugonjwa wa sukari bila tumbo lolote, na wengine wenye walikosa chakula tangu utoto. Mwaka 2025 IDF ilikubali hao wa mwisho kuwa namna yao peke, ikaita aina ya 5. Kwa hiyo mutoto ao kijana mwenye kunywa maji bila kushiba, kukojoa usiku muzima na kukonda, musimupime tumbo. Mumukimbize ku hopitali siku hiyo hiyo.

Wengine watasema huu ni ugonjwa wa wakubwa wa mashimo, wa wale PDG, na wauzaji wa dhahabu. Tuangalie vizuri. Mu machimbo, mutu anachimba miaka kumi na tano, mwili unakula kila kitu anakula. Kisha muongo unaumia, ao anapata shimo lake, ao anafungua duka dogo. Anaacha kuchimba, lakini sahani inabakia ya muchimbaji: mulima wa bugali ya muhogo, mafuta mingi, mboga kidogo, samaki kidogo. Juu yake kuna sucré na pombe. Mu miaka tatu mukaba unatafuta tundu mupya. Tunaona vilevile mama wenye walitwanga mawe, sasa wanakaa ku meza ya biashara tangu asubui mpaka usiku. Na tunaona deleva, mulinzi wa usiku, mutu wa mashine, wenye kampuni inawakalisha saa kumi na mbili ku kiti. Hao si wakubwa wa kitu. Ni wafanyakazi wenye kazi yao ilibadilika na hakuna mutu mwenye aliwaambia sahani nayo ibadilike.

Tena tusifanye mchezo wa kulaumu mutu peke yake. Ku machimbo mengi ya Misisi, Kamituga na Lugushwa, maji safi ya kunywa ni shida, lakini sucré na bia zinafika hata barabara ikikatika. Mutu mwenye kiu atakunywa chenye kiko. Muchimbaji hachague bugali bila maharagi juu hapendi maharagi. Anachagua juu bugali inajaza tumbo kwa feza kidogo. Kwa hiyo tukisema "mupunguze tumbo", neno hilo linaenda kwanza ku wale wenye kuamua maji gani na chakula gani vinafika ku kazi. Na maji safi yangefanya kazi mbili: yangepunguza kolera na yangepunguza sucré.

Sasa tufike ku kile tunaomba.

Ya kwanza, vizite ya kila mwaka. Tumeona makazi kwenye mutu anapimwa siku ya kuingia, anapewa karatasi kama iko muzima, kisha hakuna mwenye kumuuliza tena mpaka siku anaanguka. Mu Korea ya Kusini, mutu wa biro anapimwa kila miaka mbili, lakini mutu wa kazi ya mikono anapashwa kupimwa kila mwaka, na tumbo liko mu vipimo hivyo. Walielewa kama mwenye kutumika na mwili wake anaomba mwili huo uangaliwe zaidi. Kwetu, Code du travail ya mwaka 2002 inalazimisha patron kutibisha mufanyakazi na familia yake. Kutibisha muguu wenye ulioza ni bei. Metre ya fundi wa nguo si bei. Hata patron mwenye anahesabu feza tu anapashwa kuelewa hesabu hiyo.

Ya pili, wachimbaji wasio na kontra wasisahauliwe. Code minier, kufuatana na mabadiliko ya mwaka 2018, inaomba muchimbaji wa mikono aingie mu kooperative. Basi kooperative isiwe tu ya kukata feza ku mufuko wa mawe. Kila kooperative iwe na metre mbili, mashine ndogo ya kupima sukari na ya kupima tansio, na mutu mwenye alifundishwa kuzitumia. Na kule kampuni kubwa ziko, code hiyo inazilazimisha kutoa 0,3 ku 100 ya feza ya mauzo yao juu ya maendeleo ya watu wa mahali. Wakati wanaandika namna ya kutumia feza hiyo, wawakilishi wetu waombe vituo vya afya vipate vifaa vya kupima sukari na dawa ya metformini, yenye si dawa ya bei kubwa.

Ya tatu, na hapa tunasimama na miguu yote miwili: majibu ni ya mufanyakazi. Tunajua woga wenye uko mu vichwa vya wenzetu. Wanasema, leo mutatupima, kesho munganga atapeleka liste ku patron, na mwenye tumbo kubwa njo wa kwanza kutoka. Woga huo uko na sababu, na tunaushika kwa uzito. Tuangalie Japani. Tangu mwaka 2008 sheria yao inaomba watu wa miaka 40 mpaka 74 wapimwe tumbo kila mwaka. Lakini mwenye amepita mupaka hapewe azabu. Anapewa mashauri na mutu wa kumufuata. Mwenye anaweza kulipishwa ni mufuko wa bima, kama haukufanya kazi yake. Tunataka roho ya sheria hiyo. Munganga amuambie patron neno moja tu: huyu anaweza kazi hii, ao hawezi. Santimetre, sukari na tansio vibakie kati ya munganga na mugonjwa. Delege wa sendika yeyote mwenye atatia saini ku karatasi ya vizite bila neno hilo kuandikwa, ametuuza.

Ya ine, ku kazi kupatikane maji safi ya bure, na kama kuna kantini, maharagi, ndagala na lengalenga vionekane ku sahani kila siku, bugali isijaze sahani muzima.

Na siye wenyewe? Hatutangoja patron mu kila kitu. Mwaka 2002 Wamarekani walionyesha jambo lenye kutia moyo. Walikamata watu wenye sukari ilianza kupanda lakini haijakuwa ugonjwa. Walisaidia kikundi kimoja kupunguza kilo 7 mu kila 100 za mwili na kutembea dakika 150 kila juma. Wenye waliingia mu ugonjwa walipunguka kwa 58 ku 100 kuliko wale wenye hawakusaidiwa hivyo. Dakika 150 ni nusu saa, siku tano. Kutoka Kasenga mpaka ku soko na kurudi, bila moto, wengi wetu tunaweza. Mwenye tumbo limepita nusu ya urefu wake hasiambiwe akonde kama fimbo. Kupunguza santimetre tano tu ku tumbo, wabebaji wa ile depo wanaanza kusikia tena.

Mama zetu, nyinyi njo wenye sahani. Bwana akirudi kutoka ku machimbo, mumupe sahani yenye nusu yake ni mboga na maharagi. Akiuliza kama feza ilipotea, mumuonyeshe kamba. Mafundi wa nguo wa Kasenga, nyinyi munajua kuliko munganga nani aliongezeka mwaka huu. Mukipanua suruali ya mutu mara ya pili, mumuambie polepole, bila kumuchekesha mbele ya watu, aende apimwe sukari. Na jirani waache kupongeza tumbo.

Delege wote wa machimbo, mu mukutano wenu wenye kuja na wakubwa wa kazi, muandike vitu vine tulivyosema hapa, kwa mupangilio huo huo, na wa tatu muuandike na herufi kubwa. Familia, kateni kamba leo jioni. Mwenye ncha zake hazikutane, kesho asubui asikule mpaka apite ku kituo cha afya.